Iko Chunusi

Asubuhi moja, nikiwa bado juu ya msala baada ya sala ya alfajiri, nilisikia harufu ya ndimu. Haikuwa harufu ya ndimu ya jikoni, ile inayokamuliwa juu ya samaki. Hii ilichanganyika na dawa ya meno, nayo ilitoka nyuma ya nyumba, mahali pa kuogea, ambapo mjukuu wangu Mwamini alikuwa amejifungia na kipande cha kioo. Nilijua anafanya nini kabla sijanyanyuka. Mashavu yangu yalijua kabla yangu. Yalianza kuwasha, ingawa ni mashavu ya mwanamke mzee aliyekwisha kumzika mume wake na wengi wa rika lake.

Sikumwita. Uzee, namshukuru Mungu, umenifundisha kungoja. Alipotoka alikuwa amejifunika kitambaa mpaka chini ya macho, na ngozi iliyoonekana juu yake ilikuwa nyekundu kama iliyopakwa pilipili.

"Mwamini, huendi masomo leo?"

"Koko, siende."

"Kichwa?"

"Hapana."

"Tumbo?"

"Koko, niache tu."

Nikamwacha. Nilipakua wali wa jana, nikapasha chai, nikaweka vikombe viwili. Akaja kukaa karibu yangu, mgongo kuelekea mlangoni ili mwanga usimwangukie usoni. Kukaa kule nilikufahamu. Mtu hafundishwi kukaa vile; aibu yenyewe humwonyesha pa kukaa.

"Wanasema mimi njo njia ya Lubutu," akasema mwishoni.

Asiyepita njia ya Lubutu wakati wa mvua hatalielewa tusi hilo. Ni mashimo na vinundu, vinundu na mashimo, na mwendesha pikipiki anafika akiwa amesahau jina lake. Akaniambia kwamba kila akiingia darasani, mvulana mmoja wa nyuma huigiza sauti ya pikipiki: vuuu, tup, tup, vuuu, tup! Na darasa zima hucheka. Niliuma ulimi, kwa sababu sauti ile Mwamini aliiiga vizuri mno, na kama ningecheka wakati ule ningempoteza. Ndipo akafungua kiganja na kunionyesha kikopo kidogo kisicho na jina wala maandishi, alichonunua sokoni. Muuzaji alimwambia kitamtoa ngozi hii mbaya na kumpa nyingine nyeupe. Alikuwa bado hajakifungua. Alitaka kwanza ndimu ifanye kazi yake.

"Kiweke hapa kwanza," nikamwambia. "Kabla ya kukifungua, nikuambie habari ya sura yangu."

Nyinyi wa rika langu, mliokuwa watoto hapa Kindu katika vita ile ya kwanza baada ya uhuru, mnajua kwamba hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusikiliza habari za uso wa mtoto. Watu walikuwa wanatafuta chumvi. Watu walikuwa wanatafuta ndugu zao. Labda ndiyo sababu aibu yangu ilikua kama uyoga, gizani, bila mtu kuimwagilia.

Katika nyumba yetu ya Kasuku, karibu na mto, Kiswahili kilikuwa cha namna mbili. Bibi yangu, mama yake baba, alizaliwa Kasongo, katika ukoo uliojivunia kwamba wazee wake walifuatana na Waungwana wa kwanza kutoka pwani. Kila kitu alikipa neno lake: mtoto yuko, vikombe viko, mbuzi wako. Mama yangu alitoka kijiji kimoja cha Pangi, na Kiswahili alijifunza hapa mjini, sokoni na kisimani. Kwake neno moja lilitosha kubeba ulimwengu wote: mutoto iko, kikombe iko, mvua iko, Mungu iko.

"Vikombe viko, mwanangu," Bibi alikuwa akimsahihisha kwa upole, akimpokea sinia.

"Ndiyo, Mama, viko," mama angejibu. "Iko pale kwa meza."

Baba, ambaye angewacheka wote wawili, hakuwapo. Alikuwa mtu wa reli, na vita ilimkuta upande wa Kibombo. Treni zilikuwa zimesimama, na hatukujua kama yu hai.

Sasa, chini ya nyumba yetu, pale palipokuwa na gati la zamani, maji ya Lualaba yalikuwa yakizunguka mahali pamoja, polepole, kama mtu anayekoroga uji. Bibi alitukataza kuoga pale. Alisema yuko chunusi. Neno hilo alilirithi kwa wazee wake waliotoka pwani: chunusi ni kitu cha majini kisicho na umbo, kinachomshika muogaji mguu na kumvuta chini mpaka pumzi imwishe. Mama, akitukataza vilevile, alisema kwa namna yake: "Musiende pale. Bibi anasema iko chunusi." Mwanzoni mwa mvua, Kasimu, mtoto wa jirani, alioga pale. Walipomleta juu, nilipenya kati ya miguu ya watu wazima, nikamwona kabla hawajamfunika. Uso wake ulikuwa umevimba, na juu ya mashavu palikuwa na alama ndogondogo nyingi, kama amechomwa kwa ncha ya sindano. Leo najua ni samaki wadogo. Siku ile nilimsikia Bibi akisema kwa sauti ya chini, "Chunusi amemchukua," na nikajua kwamba chunusi akimtaka mtu humwekea alama usoni.

Mvua hizo hizo, uso wangu ukaanza kuota vipele.

Vya kwanza vilitoka kwenye paji, vidogo, vigumu kama punje za mtama chini ya ngozi. Halafu mashavu. Halafu kidevu, pale vikubwa zaidi, vinundu vyekundu vilivyopiga kama moyo nilipolala upande ule. Jioni moja nilikuwa uani natwanga sombe, majani ya muhogo, na mama alikuwa ndani na Bibi. Nilimsikia mama akisema, "Mama, angalia sura ya mutoto huyu." Kilichojibiwa sikukisikia, kwa kuwa mchi ulikuwa unapiga. Baadaye mama alitoka, akasimama na Mama Salima, jirani yetu, akamwambia kwa sauti ya kujali ambayo mimi niliisikia kama ya msiba:

"Bibi anasema iko chunusi mu sura yake."

Mchi ukanitoka mkononi.

Nataka msomaji aelewe hapa, maana kila kitu kilichofuata kilitokana na hapa. Sisi watoto wa Kindu vile vitu vya usoni tuliviita vipele. Sikuwahi kusikia kwamba watu wa Kasongo wana neno lao, na kwamba neno hilo linafanana na jina la kile kitu cha majini herufi kwa herufi. Lau ningemsikia Bibi mwenyewe, angesema zimemtoka, angesema ziko, na labda sikio langu lingeshtuka kwamba hazungumzii kiumbe. Lakini neno lilinifikia kupitia kinywa cha mama, na katika kinywa cha mama vyote vilikuwa iko. Chunusi iko mtoni. Chunusi iko usoni.

Mama Salima alikuwa na elimu yake mwenyewe. "Miye sijue chunusi ya Bibi," akasema. "Miye najua mutoto akianza hivi, anawaza wanaume. Mumutafutie bwana, sura itatulia."

Basi nikawa na aibu mbili. Usiku ule nilijichunguza moyo wangu kama mwalimu wetu wa dini alivyotufundisha, nikawatafuta hao wanaume. Nilimpata mmoja tu, kijana aliyeuza mikate kwenye kona, na hata yeye nilimtazama kwa sababu ya mikate. Lakini niliomba toba kwa ajili yake, kwa machozi. Niliona kwamba Mungu, ambaye huwafichia wengine siri zao, ameamua zangu kuziandika mahali ambapo kila mpita njia atazisoma.

Mama alikamua ndimu, akachanganya na majivu, akanipaka. Ilinichoma mpaka nikacheza kama niliyekanyaga siafu. Asubuhi ngozi ilikuwa imepauka na kupasuka, na vipele viko palepale, vimeongezeka. Kimoja nilikiminya kwa kucha. Kikatoa maji. Nilikaa kitako chini, nimeshika kidole changu chenye unyevu, nikakitazama. Maji! Nikaona sasa ushahidi umetimia. Yumo ndani yangu, na ndani ameleta mto wake.

Chuoni, tulikosomea Kurani, nilihama kutoka mstari wa mbele nikakaa nyuma ya nguzo. Wenzangu walinipa jina la Nanasi. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema, mnyenyekevu, asiyejua mambo ya uso wa mtu kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye vitabu siku zote. Siku moja zamu yangu ilifika, akasema bila kuinua kichwa:

"Zaina, simama utusomee sura yako."

Halafu msichana mmoja akanong'ona, "Mwalimu, sura yake ni ndefu, hatumalizi leo!" Chuo kizima kikalipuka. Mwalimu akashangaa, akainua kichwa, akatazama huku na huku, akacheka kidogo na yeye ili asibaki nje ya furaha. Mimi niliigeukia nguzo, nikasoma sura niliyoihifadhi nikiwa nimeipa chokaa ya nguzo uso wangu, na sauti yangu ilinirudia kutoka ukutani. Sikukosea neno. Mpaka leo nikiisoma sura ile katika sala, nasikia harufu ya chokaa yenye unyevu.

Niliyaogopa maji. Sikwenda tena mtoni kuteka, na mama alinigombeza kwa uvivu. Udhu niliutia kwa matone, macho nimeyafumba, nikifikiri kila tone ni mlango. Msinicheke sana. Ilikuwa miaka ambayo watu wazima, wenye ndevu na bunduki, walinyunyiziwa maji na kuamini kwamba risasi zitageuka maji zikiwagusa. Walipita barabarani wakiimba maji, maji. Ikiwa maji yaliweza kusimamisha risasi, kwa nini yasiweze kukaa katika shavu la msichana?

Halafu ikaja siku jeshi la serikali liliporudi kuuchukua mji kutoka kwa watu wale.

Ilikuwa mchana, baada ya adhuhuri. Milio ilianza upande wa stesheni, na watu wakaanza kukimbilia mto ili wavuke kwenda Alunguli, halafu msituni. Mama alimfunga mgongoni ndugu yangu mdogo, Ramazani, ambaye alikuwa bado ananyonya, akajitwika furushi. Bibi hakuchukua kitu ila birika lake la udhu. Palepale kwenye gati la zamani tulimkuta Mgenya mmoja, wa kabila la wavuvi wa mto, mwenye mtumbwi mrefu, watu wamejaa ndani magoti kwa magoti. Mama akapanda. Bibi akapanda. Mimi nikaweka mguu mmoja, nikaona maji yanazunguka kando ya ubao, polepole, kama uji.

Nikautoa mguu.

Niliona yote waziwazi. Tutafika katikati. Yule wa mtoni atamwita mwenzake aliye ndani yangu, naye ataitika. Niliuona uso wa Ramazani, na juu ya mashavu yake alama ndogondogo nyingi.

"Nendeni," nikasema. "Mimi nabaki."

"Zaina! Panda!"

"Mama, hapana."

"Mutoto huyu iko na wazimu? Nimesema panda!"

"Mama," Mgenya akasema, "anapanda ao hapande? Mimi sikuje hapa kuzikwa."

"Sukuma, baba, sukuma!" watu wakalia.

Mama alinyoosha mkono akanishika kiwiko. Nikajinyofoa, nikaukumbatia mti wa gati kwa mikono yote miwili. Milio ilikuwa karibu zaidi sasa, ilipasuka juu ya mabati ya nyumba za reli. Hapo Bibi akanyanyuka, akashuka majini mpaka magotini, birika mkononi, akamgeukia mama.

"Wewe nenda na huyo wa mgongoni, mwanangu. Huyu niachie mimi."

Mgenya hakungoja ruhusa nyingine. Mtumbwi ukateleza. Nilimwona mama amegeuka nyuma, mdomo wazi, ananiita, na sauti yake ikawa ndogo.

Bibi alinivuta chini ya matete, nyuma ya mtumbwi mmoja wa zamani uliopinduliwa na kuoza. Tulikaa pale, tumebanana. Hakunigombeza. Alisikiliza milio kama mtu anayesikiliza mvua ili ajue kama itapita. Baada ya muda akatambaa mpaka ukingoni, akajaza birika, akarudi.

"Alasiri imeingia," akasema. "Lete mikono."

Nikaificha. "Sigusi maji, Bibi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yumo."

"Nani yumo?"

"Chunusi."

Akautazama mto. "Wazee walisema hivyo. Lakini haya yamo birikani."

"Si mtoni, Bibi. Yumo usoni mwangu. Wewe mwenyewe ulimwambia mama."

"Mimi nilisema nini?"

"Mama alisema umesema iko chunusi mu sura yangu."

Halafu nikamwambia yote, haraka haraka, Kasimu na alama zake, maji yaliyotoka kwenye kipele, Ramazani ambaye nisingekubali azame kwa ajili yangu. Hata muuza mikate nilimtaja. Bibi alinisikiliza mdomo umefunguka kidogo. Mabega yake yakaanza kutikisika, akajifunika mdomo kwa ushungi, nami nikadhani analia kwa sababu nimemthibitishia msiba. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na akajiziba zaidi, maana milio ilikuwa bado inaendelea.

"Iko!" akasema alipopata pumzi. "Ewe Mola wangu! Risasi zimetukosa, iko inataka kutumaliza." Akapangusa macho, akanishika kidevu, palepale penye vinundu, jambo ambalo hakuna mtu aliyenifanyia tangu vitoke. "Sikiliza vizuri. Yule wa mtoni ni yuko. Hizi zako ni ziko. Yule anavuta watu ndani, hizi zinatoka nje. Ni jina tu wameshirikiana, kama Zaina wewe na Zaina muuza kuni. Chunusi za uso ni za umri. Zilinitoka mimi. Zilimtoka baba yako mpaka nilidhani nimezaa nanasi."

"Baba?"

"Baba yako, huyo anayejiona mzuri na kofia yake ya reli."

Hapo nikalia, kwa sauti, na Bibi akaniziba mdomo kwa kiganja kilichokuwa bado na maji ya birikani. Yalikuwa ya vuguvugu, yenye harufu ya matope na majani. Alinitawadha kama mtoto mchanga: mikono, kinywa, pua, uso. Usoni alikaa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Tukasali tumekaa, migongo imeinama chini ya matete. Nilipotoa salamu upande wa kulia nikaona mtumbwi unarudi.

Ulikuwa mtupu, isipokuwa Mgenya nyuma na mama mbele.

"Huyu mama alikataa kushuka!" Mgenya akatupigia kelele kabla hajafika. "Wote wameshuka, yeye anashika mutumbwi kama kupe! Anasema nimurudishe ao tukufe naye pale!"

Mama hakuwa na furushi wala Ramazani. Mtoto alimweka mikononi mwa mwanamke asiyemjua, aliyesimama ukingoni Alunguli, akamwambia, nishikie. Mpaka leo nauona mkono ule ukifungua mbeleko mgongoni na kumtoa mtoto. Nilijua atanipiga. Hakunipiga. Alimtazama Bibi akauliza:

"Iko nini?"

Bibi akamweleza kwa maneno machache. Mama akanitazama uso. Mimi nikauinamisha.

"Kumbe ilikuwa ziko," akasema.

"Ilikuwa ziko, mwanangu."

"Ziko, iko, yuko," Mgenya akafoka, "pandeni!"

Tukavuka. Mama alinilaza magotini pake, akanifunika kitenge, akaweka kiganja chake shavuni pangu, na kiganja kilikuwa kigumu cha mkulima na vipele viliuma. Sikumwambia atoe. Nilihesabu aibu yangu mpya: kwamba mama yangu aliupita mto ule mara tatu chini ya bunduki kwa ajili ya vipele. Aibu hii ilikuwa nzito kuliko ya Nanasi, na ilikaa nami zaidi. Upande wa pili yule mwanamke alikuwa bado amesimama palepale mama alipomwacha mtoto, hakukimbia na wengine, Ramazani amelala begani mwake. Jina lake hatukuuliza. Kila Ramadhani mimi humwombea dua bila jina, na Mungu anamjua.

Baba alirudi reli ilipofunguliwa, amekonda, bila kofia. Chunusi zangu zilidumu mpaka nilipokaribia kuolewa, zikaniachia vishimo. Ukubwani ndipo nilipojifunza, kwa kuuliza waganga wa hospitali nilipowapeleka watoto wangu mwenyewe, kwamba ngozi ina mafuta yake, kwamba mwili wa kijana unapobadilika mafuta huzidi na vitundu vya ngozi huziba na kuvimba. Hakuna uchafu hapo, wala dhambi, wala mwanaume. Kwamba ndimu na majivu na dawa ya meno huichoma ngozi, na kuminya huacha makovu. Kwamba mtu anaosha uso kwa maji na sabuni laini, anangoja, na zikizidi anamwona mganga. Nilijifunza pia, na hili hakuna aliyenifundisha, kwamba mtoto mwenye uso kama ule anaweza kuuacha mtumbwi uondoke bila yeye, akidhani anawafanyia wenzake wema.

Bibi alikufa. Baba naye. Mama aliishi mpaka uzeeni sana, na alipofariki tukaingia kumwosha, mimi na wanawake wengine wawili wanaojua kazi hiyo. Kichwa na uso niliviomba mimi. Nilimimina maji, nikapitisha mkono kwenye mashavu yake, na chini ya vidole vyangu nikahisi vishimo. Vidogo, vingi, vilivyojificha kwenye mikunjo. Vile vile kama vyangu. Mama yangu, ambaye kila asubuhi alijipaka mafuta ya mawese usoni na kukivuta kitambaa mbele kidogo kuliko wenzake, na ambaye nilimtazama maisha yangu yote. Sikuwahi kumwona. Nilikuwa nimeshughulika mno na uso wangu.

Nikasimama pale na birika mkononi mpaka mmoja wa wale wanawake akanigusa bega. Nilikuwa nimeelewa sauti ile ya uani, niliyodhani ni ya msiba: "Mama, angalia sura ya mutoto huyu." Haikuwa chuki wala karaha. Alikuwa anaomba msaada kwa mtu aliyemwona mjuzi kuliko yeye, kwa sababu aliijua njia ambayo mtoto wake ameianza, na hakuwa na maneno yake kwa Kiswahili.

Hayo ndiyo niliyomwambia Mwamini, chai ikipoa. Alicheka kwenye iko. Kwenye mkono wa mama hakucheka. Nilipomaliza, niliuchukua mkono wake nikauweka shavuni pangu.

"Gusa."

Akagusa, kwanza kwa ncha za vidole, halafu kwa kiganja kizima. Kitambaa chake kilikuwa kimeshuka mpaka shingoni na hakukipandisha.

"Koko," akasema, akistaajabu, "hii nayo njo njia ya Lubutu!"

"Ndiyo," nikamwambia. "Na watu wanafika."

Halafu akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, nikasikia maji yakimiminwa, mengi, na maganda ya ndimu yakitupwa uani. Kuku wakayakimbilia, wakayaonja, wakayaacha. Kikopo kilibaki karibu na kikombe changu, kimefungwa. Alipotoka alikuwa amevaa sare, uso wake wazi, mwekundu, wenye maji, akauliza kama bado anaweza kuwahi kipindi cha pili.